Ukuta wa Mbao Kati ya Kyungu na Kabange

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu: nimelala chali katikati ya chumba kitupu, chaki mkononi, natazama dari. Yaya Numbi, dada yangu mkubwa, akachungulia mlangoni. "Unafanya nini pale chini?" Nikamwambia nataka kuona kile anachokiona mtoto akiamka. Akatikisa kichwa, akarudi kwa chungu chake.

Ndivyo nilivyokuwa, kila kitu nilitaka kukijua. Nilikuwa seremala kijana katika karakana ya reli hapa Kamina, na shemeji yangu, mume wa Numbi, aliendesha treni ya kwenda Bukama. Walikuwa na mapasa, watoto pacha wa miaka sita, wavulana wawili: Kyungu aliyetangulia na Kabange aliyemfuata. Majina hayo sisi Baluba hatuyachagui, mapasa huja nayo. Tangu wazaliwe walilala mkeka mmoja chumbani kwa wazazi wao. Sasa walikuwa wamepata nyumba ya matofali kambini kwa wafanyakazi wa reli, yenye chumba cha ziada, na kazi ya kukitengeneza nikapewa mimi.

Desturi yetu unaijua. Ukimpa pasa mmoja andazi, na mwenzake apate andazi, la ukubwa uleule, saa ileile. Aliyepunjwa hukasirika, na hasira ya pasa yaweza kumlaza kitandani, hata kumrudisha alikotoka kabla ya kuzaliwa. Basi nikasema moyoni, hapa ni kugawa nusu kwa nusu. Nikapima kwa kamba, nikasimamisha ukuta wa mbao katikati ya chumba. Nikaupitisha katikati ya dirisha, mwanangu, ili kila mmoja apate kipande chake cha mwanga. Vitanda viwili vya urefu mmoja, rafu mbili, misumari miwili ya kutundikia kaptula. Shemeji alipima kwa mkono wake, hakupata tofauti hata ya kidole. Nikajiona fundi wa dunia nzima.

Siku ya tatu Kabange akakataa bukari, ugali wetu. Siku ya nne mwili wake ukawa moto. Muuguzi wa dispensari akamtazama ulimi, akamgusa tumbo, hakuona ugonjwa anaoujua. Yaya Numbi hakunilaumu, ila nilipoingia aligeuza uso. "Mutoto anataka kurudia," alisema polepole, kama anayeongea na ukuta.

Nyanya yetu, tuliyemwita Nkambo, akaja kutoka kijijini. Aliingia chumbani, akapitisha kiganja juu ya mbao zangu.

"Kazi iko muzuri. Uliuliza batoto?"

"Beko batoto tu, Nkambo. Batajua nini?"

"Ah. Basi njo weye utalala mule."

Yaya Numbi, ambaye hakuwa amecheka tangu homa ianze, akacheka kidogo puani. Eti ndimi nitakayelala mle. Nikaona haya. Nililala sakafuni kutafuta macho ya mtoto, na wenye macho walikuwa nje wanacheza!

Nikachuchumaa kando ya kitanda cha Kabange, nikamuuliza ni nini. Akakwaruza mbao kwa ukucha, akaacha, akakwaruza tena. Kisha: "Siko nasikia Kyungu vile anapumua."

"Hata minyi siko namusikia," sauti ikatoka upande wa pili wa mbao. Kumbe Kyungu alikuwa pale, na kijiko mkononi, amekwisha kuchimba kitundu kidogo chini ya ukuta.

Niliubomoa mchana uleule. Halafu nikawapa chaki, Kabange akashuka kitandani amejifunika shuka. Ajabu ni kwamba hawakuitaka nusu kwa nusu yangu. Kyungu alichora kitanda chake chini ya dirisha, aone treni. Kabange dirisha hakulitaka kabisa, mwanga unamchoma macho. Akachora chake kwenye ukuta wa pembeni, ili pale kwenye kona vichwa vikutane, mto kwa mto. Nikaogopa. Mmoja ana dirisha, mwingine hana? Nikamtazama Nkambo.

"Kila mumoja amepata kile alitaka," akasema. "Njo sawa."

Kesho yake asubuhi Kabange aliomba bukari na samaki, akaomba tena. Yaya Numbi akampakulia huku machozi yanamtoka, na Kyungu, ambaye alikuwa ameshiba zamani, naye akapakuliwa mara ya pili. Desturi ni desturi.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo, mwanangu, ukimtengenezea mtu kitu, hata awe mtoto wa kimo cha goti, muulize kabla hujashika msumeno. Na ukiuliza, ngoja. Jibu la mtoto huja taratibu, na mara nyingi silo ulilolitaka. Usawa usiutafute kwenye kipimo peke yake. Utafute kwenye mdomo wa atakayelala humo.

Mungu akubariki, na nyumba yako ijae watoto wasioogopa kukuambia hapana.