Taa ya Nyuma ya Simiyu

Mwanangu, ipo jioni moja ninayoikumbuka kwa rangi kuliko kwa maneno. Mengi ya miaka ile yamenitoka, yakiwemo karibu yote niliyofundishwa chuoni, lakini jioni ile nikifumba macho huwa inarudi yenyewe, nusu nyekundu na nusu kijani, inashuka bondeni polepole kama kitu kinachoota ndoto.

Nimekuona asubuhi ya leo hapo uani na pikipiki yako mpya, ukipima kioo cha buluu kwenye taa ya nyuma. Sikusema neno. Nimeingia ndani kuandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo hukohoa, na wewe hutumia kikohozi changu kuniaga. Hapa kwenye karatasi huna pa kunikatiza.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuoni kule Uganda, na nilikuwa na tai moja ambayo niliivaa hata nikienda kukamua ng'ombe. Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa na boma lake kilimani upande wa Kimilili, mahali unapoona barabara ya Kitale ikishuka hadi mtoni, ikavuka, ikapanda ng'ambo ya pili na kupotea begani mwa kilima. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Simiyu. Huyu Simiyu alifanya kazi Kitale, kwenye kiwanda cha maziwa, akipeleka habari na chupa za kupimia kutoka shamba hadi shamba kwa pikipiki kuukuu iliyowahi kuwa ya jeshi. Jumamosi alikuja nyumbani. Jumapili, jua likianza kuzama, aliondoka.

Unajua jinsi ilivyo kwetu. Mgeni hatoki peke yake, unamsindikiza. Mnafika langoni, mnasimama, mnaanza hadithi nyingine. Mnafika kwenye njia, mnasimama tena. Yale maneno yenyewe hasa, yaliyomleta mtu, mara nyingi husemwa huko njiani, mkono mmoja ukiwa tayari umeshika mkono wa mwenzio kuagana. Mama Mkubwa alimsindikiza mwanawe hivyo miaka yote, hadi barabarani. Kisha magoti yakakataa. Macho nayo yakaingia mtoto wa jicho. Ndipo akaanza kusindikiza kwa namna yake: alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, akageukia bonde, akaifuata taa ya nyuma ya pikipiki ikishuka, ikizama mtoni, ikiibuka ng'ambo, ikipanda, mpaka ilipozimika begani mwa kilima. Hapo alisema, "Nimemfikisha," akainuka na kuingia ndani.

Nilikaa naye jioni nyingi za namna hiyo. Aliniambia kwamba kwa macho yake yale, taa haikuwa tena nukta. Ilikuwa ua. Ilifunguka, ikatikisika, ikajikunja. Mimi mwenye macho mazima niliona taa tu, na nilimwonea wivu kidogo.

Lakini magari yalizidi. Malori ya mahindi yalianza kupita hata Jumapili, na bonde likajaa maua mekundu. Jioni moja Mama Mkubwa alilisindikiza lori moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akaliombea kwa moyo wote, akasema amelifikisha. Alipogeuka alimkuta Simiyu bado yuko nyuma ya nyumba, pikipiki imekataa kuwaka, uso umejaa masizi. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amemsindikiza mtoto wa mwingine, na wake angeondoka bila mtu.

Neno lile lilimchoma Simiyu. Wiki iliyofuata alipanda gari hadi Bungoma, kwa fundi wa bati aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni ya reli, mtu aliyeweza kutengeneza chochote bora usimuulize kitadumu hadi lini. Fundi alikata kitako cha chupa ya kijani, akakata na kioo chekundu cha ile taa, akaviunganisha nusu kwa nusu.

"Hii sasa haina ndugu balabalani, bana," fundi alisema, akiinyanyua juani. "Langi mbili. Hata ng'ombe atajua ni wewe."

Kweli ikawa haina ndugu. Mwanangu, sijaona kitu kizuri vile. Jioni ya kwanza Simiyu aliposhuka nayo bondeni, mama yake aliweka mikono miwili kifuani. Kati ya maua yote mekundu, moja lilikuwa na jani. Alilifuata hadi begani mwa kilima na hakukosea hata mara moja. Baada ya hapo alianza kuzingoja Jumapili kama watoto wanavyoingoja Krismasi.

Kisha ikaja ile jioni ya ukungu. Unaujua ukungu wetu unavyoteremka kutoka Elgon, mzito, mweupe, kama mtu ameikunjua shuka juu ya mashamba. Simiyu alikuwa ameshavuka Kiminini, giza likianza kuingia. Nyuma yake kulikuwa na lori la mahindi, likiendeshwa na kijana aliyeitwa Mwangi. Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo penyewe. Katika ukungu, ile nyekundu na ile kijani hazikukaa kila moja upande wake. Ziliyeyuka zikawa mwanga mmoja wa manjano, hafifu, kama ule wa taa ya baiskeli. Mwangi aliona baiskeli inamjia. Alingoja impishe, haikumpisha. Alipotambua kwamba kile kitu hakimjii bali kinaenda, na kwamba yeye ndiye anakifikia kwa kasi, alikuwa ameshakikaribia mno. Alikata usukani. Lori lilimkosa Simiyu kidogo tu, likalala mtaroni, magunia yakapasuka, na mkono wa Mwangi ukavunjika.

Polisi alipofika aliizunguka pikipiki, akaiinamia taa, akainuka. Aliuliza swali moja.

"Wewe, ulikuwa unaenda ama unakuja?"

Simiyu alisema anaenda. "Basi hii taa yako inasema unakuja," polisi alimwambia, na akamwita mahakamani Kitale.

Ilijulikana wazi kilichokuwa hatarini. Leseni ikichukuliwa, kazi ya kiwandani itakwenda nayo, kwa maana kazi yenyewe ilikuwa ni kuendesha. Na Simiyu ndiye aliyekuwa akililisha boma lile. Kwa hiyo wajomba walikutana, wakasema, si tuna mtoto aliyesoma? Wakaniita.

Mwanangu, niliitwa na nikavimba. Nilikitafuta kitabu cha sheria za barabarani, nikakisoma kwa mwanga wa koroboi na tai yangu shingoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kuiona. Sheria ilitaka chombo kiwe na taa nyekundu nyuma. Haikusema popote, kwa maneno ya wazi, kwamba hakiwezi kuwa na rangi nyingine pembeni yake. Nyekundu si ilikuwepo? Ilikuwepo, nusu nzima. Je, sheria imetaja ukubwa wa wekundu? Haikutaja. Niliona kesi imekwisha. Nilishamwona hakimu akivua miwani yake kwa heshima.

Jumamosi kabla ya kesi nilisimama katikati ya nyumba ya Mama Mkubwa na kuwafanyia wajomba majaribio. Nilitembea huku na huko. Nilinyoosha kidole. Nilitumia Kiingereza mahali ambapo Kiswahili kingetosha. Mjomba mmoja alisema, "Ati huyu tungemwacha achunge mbuzi." Wote walifurahi, na hata Simiyu, aliyekuwa hajalala vizuri tangu siku ile, alianza kutabasamu.

Mama Mkubwa alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Nilipomaliza aliweka gunzi chini, akauliza, "Huyo wa lori anaitwa nani?"

Simiyu alimwambia ni Mwangi.

"Mama yake yuko Kitale?"

"Hapana, mama. Wazazi wako Nyeri. Yeye alikuja huku kutafuta kazi."

"Kwa hiyo jioni ile ni nani alikuwa anamsindikiza?"

Mjomba aliyenisifu alianza kukagua kiatu chake.

"Mimi nilikuwa na maua yangu hapa mlimani," alisema, kwa sauti ileile ya kupukuchua mahindi. "Yule hakuwa na mtu. Alikuwa na ile taa yako ya nyuma tu, Simiyu, imwambie kama unaenda ama unakuja. Nasi tukaichukua, tukaifanya yangu."

Simiyu alisema kwamba alifanya kwa ajili yake. Mama yake alijibu kwamba anajua, na kwamba hilo ndilo linalomuuma. Kisha akageuza macho yake yenye ukungu upande wangu. Nilijua ananiona kama kivuli chenye tai.

"Na wewe, mtoto wa dada yangu. Umesoma sheria inasema nini. Hujasoma inasema na nani."

Nilikaa chini. Nimesoma vitabu vingi baada ya siku ile, vingine nimeviandika mimi mwenyewe na vimesomwa na mke wangu na mhariri mmoja, lakini sijakutana na sentensi nyingine iliyonikalisha upesi namna hiyo.

Kesho yake Simiyu aliondoka mapema kuliko kawaida, kwa lori la kukodi nafasi, na kuku mmoja kwapani. Alikwenda hospitalini Kitale kumwona Mwangi. Waliongea nini sijui, ila aliniambia kwamba Mwangi alimtazama yule kuku kwa muda kisha akauliza kama naye ana taa ya kijani. Walicheka, na mkono wa Mwangi ukamuuma kwa kucheka.

Mahakamani Simiyu alikubali kosa. Hakimu alimuuliza kwa nini alibadilisha taa, naye akajibu, "Mama alikuwa ananisindikiza." Mkalimani alikwama. Alijaribu neno moja la Kiingereza, akajaribu la pili, mwishowe akasema kwamba mama wa mshtakiwa hutembea naye njiani. Hakimu akataka kujua mama hutembeaje na pikipiki. Watu walicheka. Mimi nilikuwa benchi ya nyuma na Kiingereza chote cha chuo kikuu tumboni, na hata leo silijui neno lake.

Alitozwa faini na leseni ikazuiwa mpaka mavuno yapite. Kiwandani hawakumfukuza, walimweka kuosha madebe. Ilikuwa ni kushuka, na mikono yake ilichubuka kwa maji ya moto, lakini boma lilikula. Na Mwangi alipopona na kurudi kwenye usukani, alikuwa akimpa nafasi kwenye lori Jumamosi, anashuka naye, anakunywa chai kwa Mama Mkubwa, na Jumapili wanaondoka wote. Kwa Kiswahili cha Nyeri na Kiswahili cha Bungoma, mimi niliyejifanya mkalimani wao nilihitajika mara chache kuliko nilivyotaka.

Leseni iliporudi, Simiyu alifunga kioo chekundu kizima, kama sheria inavyotaka. Lakini mama angemjuaje kati ya maua mekundu? Alifikiri mwenyewe, hakuniuliza, na hilo lilikuwa busara. Alipovuka mto na kupanda ng'ambo, alitoka kabisa barabarani, akasimama kwenye majani mahali ambapo hakuna gari lingeweza kumfikia, akashuka, akavua kofia yake akaifunika taa. Akafunua. Akafunika. Akafunua. Kutoka mlimani tuliliona ua moja likifumba na kufumbua kama jicho. Mama Mkubwa alicheka kwa sauti, mara ya kwanza baada ya miezi. Alisema, "Ananikonyeza huyo, hana adabu." Akamfikisha.

Ikawa ndiyo desturi. Na Jumapili moja, jua limezama na bonde limejaa ule ubuluu wa moshi wa jioni, tuliona taa imesimama ng'ambo ya mto. Ikafichwa. Ikafunuliwa. Ikafichwa tena. Mama Mkubwa akasema, "Huyo, leo amewahi." Tukasikia mtu akikohoa jikoni. Simiyu alikuwa bado anakula.

Alikuwa ni Mwangi na lori lake, anarudi Kitale peke yake. Mama Mkubwa akageuza kigoda vizuri, akaketi, akamsindikiza hadi begani mwa kilima, polepole, bila kuruka hata kona moja.

Basi, mwanangu, nasema wazi sasa. Pikipiki ni yako, na mbele yake ipambe upendavyo. Kiti kivalishe ngozi ya chui ukitaka, mimi nitageuza uso. Lakini taa ya nyuma usiiguse. Usinijie na maneno kwamba sheria haikutaja buluu. Niliwahi kuwa bingwa wa maneno hayo. Taa ile hujaiwasha kwa ajili yako, maana wewe huioni. Wala si kwa ajili ya yule msichana unayetaka akutambue kutoka mbali, nami namjua jina lake. Ni ya mtu asiyekujua, anayekuja nyuma yako kwenye ukungu, na hana neno lingine lolote kutoka kwako ila hilo jekundu. Mwambie ukweli. Ukimpenda mtu, tafuta namna ya kumwonyesha ambayo haimdanganyi mwingine. Ipo. Simama kando ya barabara, utaiona.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe barabara kavu na macho ya kuona mbali. Na popote jua litakapokuzamia, asikose mtu wa kukaa akitazama upande wako mpaka ufike.