Icilyn Facey na Cheti cha Lugha Yake Mwenyewe

Icilyn Facey alifundishwa kusoma kwa Kiingereza, akafundishwa kusali kwa Kiingereza, na siku mwalimu alipomcharaza viboko pale Junction, Jamaika, kosa lake lilikuwa kusema patwa, lugha ya nyumbani, badala ya Kiingereza. Sasa ana miaka arobaini na sita, na huu ni mwaka wa sita anawaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Hamilton, Kanada. Ameomba ukaazi wa kudumu, akajibiwa alete kwanza cheti cha kuonyesha kwamba Kiingereza anakijua.

Lugha ile iliingizwa vinywani mwa bibi zake kwa mjeledi. Leo mjukuu anaambiwa athibitishe kwamba iliingia!

Lakini Icilyn hakuwa na nafasi ya kukasirika. Binti yake Kerisha, aliyebaki Junction, angetimiza miaka ishirini na miwili tarehe tisa Juni. Siku hiyo ikifika kabla maombi hayajapokelewa, Kerisha hatahesabiwa tena na uhamiaji kuwa mtoto wa mtu. Mama ataingia, binti atabaki. Aprili ilikuwa imefika katikati, na mitihani ya Kiingereza iliyokubaliwa, kama IELTS na CELPIP, ilikuwa zaidi ya mmoja. Alikuwa na uwezo wa kulipia mmoja tu, mara moja tu.

"Chukua IELTS," alisema Marivic, Mfilipino wa zamu yake, walipokuwa wakila. "Kwenye kuongea unakaa na mtu, uso kwa uso. Unatabasamu, naye anatabasamu."

"Wako alitabasamu?"

"Wangu? Wangu alikuwa kama jokofu."

"Sasa ulifauluje?"

"Mara ya tatu, dada."

Jumapili, mlangoni pa kanisa, Ndugu Lascelles, dereva wa lori, akamvuta kando. "Usidanganyike, Dada Facey. Fanya CELPIP. Yote ni kompyuta. Unavaa vya masikioni, unaongea na mashine. Mashine haikutazami usoni ikajiuliza umetoka wapi."

"Na IELTS?"

"Upi? Iko miwili! Mmoja wa wanaokwenda chuo, mwingine wa watu wa kawaida. Binamu yangu alikosea akafanya wa chuo. Akapata maksi za profesa, uhamiaji hawakuzitaka. Mpaka leo kazitundika ukutani."

Icilyn alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Jumapili ile alikuwa wa mashine. Jumatatu Marivic akamrudisha kwa binadamu. Jumanne hakuwa wa popote.

Jumatano, siku yake ya mapumziko, akaegemeza simu kwenye birika na kujaribu maswali ya mashine. Swali likaja: mpe ushauri rafiki anayetaka kununua gari. Nusu dakika ya kufikiri, dakika moja na nusu ya kusema. Kengele ikalia.

"Habari za mchana," Icilyn akaiambia simu. Akangoja. Kwao, hata ukiingia dukani kununua chumvi, usiposalimu utaambiwa hukulelewa. "Naitwa Bi Icilyn Facey, wa Junction, St. Elizabeth. Hujambo wewe? Na wa nyumbani?" Akangoja tena. Muda ukaisha gari halijatajwa.

Kerisha, aliposimuliwa kwenye simu, alicheka hadi akakohoa. "Mama! Umeisalimia kompyuta?"

"Ulitaka niivamie kama mwizi?"

Alhamisi ikawa zamu ya binadamu. Marivic aliukaza uso, akashika kalamu kama mtahini, akauliza, "Nieleze kuhusu mahali ulipokulia." Basi sauti ya Icilyn ikapanda puani. Akatema kimombo ambacho hajawahi kukisema hata kwa mchungaji, kila neno limepigwa pasi, na ndani yake Junction haikuonekana kabisa.

"Dada Icy," Marivic akauliza kwa upole, "jino linauma?"

Icilyn akafunika uso kwa mikono. Mtu akimkalia mbele na kalamu, yule mwalimu wa viboko anarudi. "Mashine siiwezi kwa kuwa hainijibu. Mtu simwezi kwa kuwa ananitazama. Kerisha wangu atabaki kule kwa sababu mama yake hajui aongee na nani!"

Marivic aliweka kalamu chini. "Na Bwana Aldous je?"

"Kafanya nini?"

Bwana Aldous wa chumba cha kumi na nne alipata kiharusi miaka minne nyuma, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Icilyn ndiye humwogesha kila asubuhi.

"Nikileta mashuka nakusikia," Marivic akasema. "Theluji, hoki, Kerisha, faida za uji. Nusu saa nzima! Anakujibu?"

"Hupepesa macho."

"Ni sabuni hiyo, dada."

"Yule ni mtu, Marivic."

"Sijasema si mtu. Nasema ukiwa naye, sauti haiendi puani."

Icilyn alijiandikisha CELPIP jioni ileile, na kufika kesho yake alikuwa ameshajuta. Akampigia Ndugu Lascelles atiwe moyo. "Umefanya vyema," alisema Lascelles. "Ingawa mke wangu anasema IELTS ni nafuu zaidi kwa akina mama."

Siku ya mtihani, katikati ya Mei, watu kumi na wawili walikaa kila mmoja na skrini yake. Ilipofika sehemu ya kuongea, wote wakaanza kwa pamoja, kama kanisani Roho akishuka, na Icilyn akasahau hata jina lake. Swali likatokea: jirani mgeni anatafuta kazi, mpe ushauri.

Ile nusu dakika ya kufikiri hakuitumia kufikiri. Alifumba macho. *Habari za asubuhi, Bwana Aldous. Umelalaje? Mguu je? Leo nina habari ya jirani yetu, sikiliza.* Kengele ikalia salamu zimekwisha, na yeye akaingia moja kwa moja kwenye kazi, mavazi ya usaili, na umuhimu wa kuwahi.

Majibu yalikuja wiki ileile. Kuongea, kumi kati ya kumi na mbili. Kuandika, nane. Hakujua kama nane ni ya kushangilia au kulilia. Lascelles akasema inatosha, Marivic akasema ngoja aulize, mke wa Lascelles akasema si alimwambia. Akatuma maombi vilevile. Tarehe mbili Juni yakapokelewa, na jina la Kerisha likiwa kwenye mstari wa watoto.

Asubuhi iliyofuata aliingia chumba cha kumi na nne na beseni lake.

"Habari za asubuhi, Bwana Aldous. Tumefaulu."

Akangoja, kama kwao wangojavyo. Mzee akapepesa macho mara mbili. Mpaka leo Icilyn hajui kama lilikuwa jibu au sabuni.