Udongo Niliouchambua Kama Mchele

Kosa langu la kwanza katika maabara ya udongo, kule ughaibuni, Hounslow, lilikuwa kusafisha kitu kisichotakiwa kusafishwa. Vilikuja vifuko vitatu vya udongo ulioganda, kutoka kambi ya watafiti iliyohamwa zamani huko pwani ya bara la barafu la Ncha ya Kusini. Kazi yangu ilikuwa kupima ardhi ile imeharibiwa kiasi gani. Sikuisomea kazi hii. Nilijifunza kwa video na vitabu nilivyoazima maktaba ya Tottenham, na mtu wa namna hiyo huogopa kila kitu isipokuwa ujinga wake.

Barafu ilipoyeyuka, udongo uligeuka uji mweusi unaonuka dizeli. Ndani mlikuwa na misumari, vigae vya chupa, waya, hata kifungo cha koti. Niliwadharau walioviacha: watu wazima, wenye shahada zao, wanakwenda mahali pasipokaa mtu, halafu wanatupa taka kama walevi kwenye kituo cha basi. Basi nikamwaga maji, nikautandaza udongo kwenye trei, nikauchambua kama mama alivyonifundisha kuchambua mchele. Ulitoka mzuri. Nikajipongeza, mpumbavu mie.

Kesho yake nikasoma kwamba taka zile na maji yale ndivyo hasa tulivyotakiwa kupima. Ripoti ingesema ardhi ni safi, na wenye kambi wasingeisafisha tena. Nilikuwa najua, na nilinyamaza siku mbili, nikipiga deki sakafu isiyo na vumbi.

Mkuu wangu, dada mmoja wa Kikenya, ndiye aliyeona matokeo yamependeza mno.

"Umefanyia nini huu mchanga?"

"Nimeuchambua, dada."

"Umechambua nini?"

"Misumari. Chupa. Maji nimemwaga."

"Kwani ulikuwa unapika pilau?"

"Nilitaka uwe safi."

"Safi! Na meli ya kuleta udongo mwingine inaenda huko mara moja kwa mwaka! Ulijua lini kwamba umekosea?"

Nikamwambia. Hapo akaacha mzaha. Akaandika kwenye ripoti kwamba sampuli zimeharibiwa maabarani, akanipa nisome, akatoka. Nilidhani nitafukuzwa, sikufukuzwa. Lakini kambi ile ilikaa mwaka mwingine ikivuja dizeli, na hao niliowadharau sikuwa nimewazidi chochote.

Siku hizi nikikosea nasema siku hiyo hiyo.