Gari la Haitham na Jicho la Suleiman

Siku moja ya utoto wangu Unguja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ingawa majina ya watu niliosalimiana nao jana yananipotea. Nilikuwa msichana mdogo mwenye nywele ndefu, na nywele hizo zilikuwa fahari ya mama yangu. Ghafla nikaanza kukonda. Tumbo likajaa, rangi ikanitoka, nikawa nashinda nimelala juu ya mkeka. Nyumba nzima ikasema ni jicho, jicho la husuda. Akatajwa na mwenye jicho lenyewe: jirani yetu mmoja, mwanamke mjane, aliyewahi kunishika kichwa na kusema, "Nywele gani hizi!" Basi, hakusema mashaallah. Nikafukizwa ubani, nikasomewa, nikavishwa hirizi, na yule jirani akawa hakaribishwi tena kwetu hata kwa kikombe cha kahawa.

Bibi yangu mzaa baba, tukimwita Bibi Nunu, alikuwa Pemba wakati huo. Siku aliyorudi alinitupia jicho moja tu, hata buibui hakuvua, akamwuliza mama, "Choo chake mmekitazama?" Mama akasema hapana. Bibi Nunu akawaka. "Jicho mnalijua, choo cha mtoto wenu hamkijui?" Akanishika mkono, akanipeleka hospitali. Ilikuwa minyoo, mwanangu, minyoo tu. Nikanyweshwa dawa chungu, na haukupita muda nikawa nakimbia uani na wenzangu. Baada ya hapo Bibi Nunu alifanya jambo jingine tena, lakini hilo nitakwambia mwisho, maana ndilo lililokuja kunifaa uzeeni.

Sasa mimi ni mtu wa Ibra, huku Omani. Nimekaa hapa miaka mingi kuliko niliyokaa Unguja, na nimezaa na kuzeekea hapa. Mjukuu wangu Haitham, mtoto wa binti yangu Salma, ni kijana mzuri, ana kazi yake na mke wake Thuraya, msichana wa Nizwa. Kasoro yake ilikuwa moja: kupenda kutazamwa. Mkewe akiwa na mimba, sisi sote tukimshauri anunue gari la maana la kubeba familia, yeye akaleta gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kulipanda nilihitaji dua na kulishuka nilihitaji watu. Nikamwuliza mtoto atakaa wapi. Akanionyesha kiti cha nyuma. Nilikitazama kiti kile, na kwa macho yangu kilitosha mkoba wangu.

Gari lilipofika, rafiki yake wa tangu utotoni, Suleiman, alikuja kulitazama. Suleiman huyo nyumba yake iko nyuma ya msikiti wetu, mtu mnene mwenye sauti kubwa, kila kitu kwake ni kicheko. Alilizunguka gari, akapiga makofi, akasema, "Yakhe, gari kali hii! Kali!" Kisha, bila mashaallah, akaingia ndani kula halua. Kesho yake, gari likamzimikia Haitham njiani karibu na Bidiya, katikati ya mwendo, kisha likawaka tena lenyewe kama linalomtania. Alipomsimulia mama yake, Salma hakuuliza gari limefanya nini. Aliuliza, "Jana nani alilitazama?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upogo. Gari lilizima tena, na tena. Kila likizima, Salma alifukiza ubani ndani yake mpaka viti vikanuka kama nyumba ya harusi. Haitham akawa anawasha Kur-ani kwenye redio tangu anatoka mlangoni, na gari likizima, redio nayo inazima. Suleiman akawa haitwi tena. Akipiga simu anaambiwa Haitham kalala. Akija, mlango unafunguliwa nusu na kahawa haiji. Hakuna aliyemwambia neno. Sisi watu wetu ndivyo tulivyo, mwanangu: mtu tunamhukumu kwa heshima, kimyakimya, huku tunamwuliza hali ya mama yake.

Na kwa fundi gari halikupelekwa. Hilo lilinishangaza, mpaka siku nilipopanda mwenyewe na kuelewa. Dada yangu alikuwa mgonjwa Fanja, nikamwomba Haitham anipeleke. Tulipokuwa kwenye ule mteremko wa kuingilia Bidbid, magari yakikimbia mbele na nyuma, gari lilikata kauli. Injini kimya, taa zote za mbele ya dereva zimezimika. Usukani ukawa mzito, na breki ikawa ngumu hata Haitham akaikanyaga kwa miguu yote miwili huku akitaja jina la Mungu. Nyuma yetu lori lilipiga honi ndefu, likapita pembeni yetu na upepo wake ukatutikisa. Tulisimama ukingoni kwa rehema za Mola. Nilikuwa nimeushika mlango kwa nguvu hata kucha yangu moja ilikatika.

Haitham alinigeukia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, nusu Kiarabu, lakini siku ile nilikielewa chote. "Ma shay, Bibi, hakuna kitu," alisema. "Gari imezima kidogo tu. Usimwambie Mama, tafadhali."

"Kwa nini hulipeleki kwa wakala aliyekuuzia?"

Akasema, "Nitawaambia nini, Bibi? Nyote mlisema nisinunue. Sasa niende kulalamika? Watu watacheka." Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na kama ni jicho, wakala atafanya nini?"

Basi nikaona mambo mawili yaliyomfunga. Aibu ilimfunga mdomo, na jicho likampa udhuru wa kutoufungua. Nilimhurumia, lakini nilikasirika pia, maana nilijua kinachokuja. Thuraya alikuwa amejifungua mtoto wa kike na yuko kwa mama yake Nizwa, kama desturi yetu, na arobaini yake ilikuwa inakaribia kutimia. Haitham alikuwa amekwisha kuapa mbele ya wakwe zake kwamba atakwenda kumchukua mkewe na mwanawe kwa gari lile, limefungwa maua. Na njia ya kutoka Nizwa kurudi Ibra hupita mteremko ule ule wa Bidbid.

Siku chache kabla ya safari, Salma alimwita Maalim wetu wa msikitini aje kulisomea gari dua. Maalim alikuja alasiri, mtu wa makamo, mpole, na kikombe chake cha maji. Gari lilikuwa uani, limeoshwa, linang'aa. Haitham alisimama kando amevaa dishidasha nyeupe kama bwana harusi. Maalim alipotaka kuanza, mimi nikatoka barazani na mkongojo wangu.

"Maalim, kabla hujasoma, nikuulize. Gari hili likizima kwenye mteremko, usukani hauendi na breki haishiki. Mimi nilikuwemo. Wewe ungempakia mwanao?"

Salma akashika mdomo. Haitham akainamisha kichwa. Maalim akaweka kikombe chini. "Hasha," akasema. "Fundi kasema nini?"

Salma akamtazama mwanawe.

"Halijapelekwa kwa fundi?" Maalim alitutazama mmoja mmoja. "Bi Mkubwa, akiletwa mgonjwa kwangu namwuliza kwanza kama kenda hospitali. Hili gari nilidhani limekwisha kutazamwa. Mimi nimekuja kusoma, sikuja kuwaua watu."

Nikamgeukia Haitham, na wallahi sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ya Bibi Nunu. "Jicho mnalijua, injini ya gari lenu hamuijui? Mkeo na mwanao hawapandi humu. Utanikanyaga mimi kwanza." Kisha nikakaa kwenye ngazi na kulia. Sioni haya kukwambia. Nilikuwa nimeuona uso wa kile kichanga kwenye simu tu, na kila usiku tangu safari ya Fanja nilikuwa nalisikia lile lori.

Haitham alikuja akapiga magoti mbele yangu. "Khalas, Bibi. Nitapeleka." Ilikuwa imemshuka, ile fahari, ulikuwa unaiona inamtoka mabegani.

Gari likachukuliwa juu ya lori la kubebea magari mpaka gereji ya wakala, Maskati. Sisi tuende na nini? Baba yake Haitham alikuwa kazini jangwani na gari la nyumba. Nikachukua simu nikampigia Suleiman. Salma alinikodolea macho, lakini hakuthubutu kusema. Suleiman hakuuliza swali. Alikuja na gari lake kubwa la familia, limejaa makombo ya biskuti za wanawe, akashuka akanipa mkono. "Shikamoo, Bibi. Kaa mbele, miguu yako inyooke."

Pale kwa wakala tulipokelewa na kijana nadhifu nyuma ya meza. Alimsikiliza Haitham, akatabasamu, akasema kwa Kiarabu kizuri sana kwamba gari hilo ni zuri, na hawajapata malalamiko ya namna hiyo kwa mteja yeyote. Nilimwona Haitham anaanza kunywea. Alikuwa karibu kuomba radhi, yeye, aliyekoswakoswa na kifo!

Kwenye viti palikuwa na mwanamke mmoja kutoka Sur, mwalimu wa skuli, na mtoto wake amemlalia mapajani. Akasimama. "Langu linafanya hivyo hivyo," akasema. "Lilinizimikia njia ya Tiwi, huyu akiwa nyuma. Basi sasa umepata malalamiko mawili." Kisha akatugeukia sisi na kucheka kidogo. "Mama mkwe wangu miezi yote hii ananiambia ni jicho."

Suleiman alipasuka kwa kicheko. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba. "Jicho! Jicho linajua injini!" Haitham alitazama sakafu, na mimi nikatazama dari.

Walipofungua boneti za magari yote mawili, fundi alituita tuone. Palikuwa na fungu la waya limepitishwa juu ya ukingo wa chuma. Kila gari likitikisika waya unasuguana na ule ukingo, na ngozi yake ilikuwa imelika mpaka shaba inaonekana. Ukigusa chuma, gari zima linakufa. Magari mawili, mahali pale pale. Nikawaza moyoni, jicho la Suleiman lingejuaje kwenda kukwangua waya ule ule kwenye gari la mwalimu wa Sur, asiyemjua wala kumsikia?

Siku ile ile Haitham aliandika kwenye kundi la simu la wenye magari kama lake. Aliandika jina lake kamili na yaliyompata. Alikuwa amezoea kuona humo picha na sifa tu. Majibu yakaja mfululizo: huyu lilimzimikia Nizwa, yule karibu na Ras al Jinz, mwingine alikuwa amelificha gari bandani kwake na kuwaambia watu limeazimwa. Kila mmoja alikuwa amekaa na aibu yake akidhani ni peke yake. Walikwenda kwa wakala pamoja, na baadaye magari yote ya aina hiyo yakaitwa yarudishwe kutengenezwa. Tukiwa barazani, Haitham alinisomea ule ujumbe wa wakala wa kuyaita, akaweka simu chini, akavuta pumzi ndefu. Mimi siku hiyo nililala usingizi wa kitoto.

Lakini arobaini haingoji gereji. Gari jekundu lilibaki Maskati, na Thuraya na mwanawe wakarudishwa Ibra na Suleiman, katika gari lile la makombo. Haitham alikaa nyuma, mkono wake juu ya kiti cha mtoto njia nzima. Kwenye ule mteremko, aliniambia, Suleiman alikwenda polepole hata magari yote yakawapita.

Walipofika, tulikuwa mlangoni. Suleiman alishika mzigo wa nguo za mtoto, akasogea amtazame. Salma, kwa mazoea yake, akavuta kitambaa akamfunika mtoto uso. Alifanya haraka, lakini wote tulimwona. Suleiman akarudi nyuma hatua moja. Kicheko chake chote kilikuwa kimemtoka.

Sasa nikwambie alichofanya Bibi Nunu, mwanangu. Nilipopona minyoo, alinichukua mpaka kwa yule jirani mjane, akanikalisha mkekani katikati ya magoti ya mjane huyo, akampa chanuo. Akasema, "Msuke mjukuu wangu." Yule mama alinisuka huku machozi yakinidondokea utosini. Sikuelewa wakati ule. Nililalamika tu kwamba ananilowesha.

Nikakifunua kile kitambaa. Nikamtoa mtoto mikononi mwa Thuraya, nikamweka mikononi mwa Suleiman, mbele ya watu wote. "Mtazame," nikamwambia. "Mtazame utakavyo."

Suleiman alimshika kama anayeogopa kuvunja kitu. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Nilijua, Bibi. Mtu akikosa kahawa anajua." Haitham akamwendea, akamshika kichwa, akambusu paji la uso. Salma naye akasogea. "Nisamehe, mwanangu," akasema, na akaenda mwenyewe kuleta dele la kahawa. Ndipo Suleiman akavuta pumzi na kunguruma kwa ile sauti yake kubwa, "Mashaallah! Mashaallah! Mashaallah!" mpaka mtoto akashtuka akalia, na sisi sote tukacheka.

Basi, mwanangu, sikwambii jicho halipo. Lipo, na dua ni ngao, usiziache. Ninachokwambia ni kwamba kitu kikiharibika, kifungue ukitazame kwanza. Chombo kikikutisha barabarani, usione haya kusema, hata kama ulikinunua kwa ubishi. Peleka, lalamika, taja jina lako, maana yuko mwingine amenyamaza na mwanawe amelala kiti cha nyuma. Na ukishamtwika mtu kosa lisilo lake, usiishie kuacha kumsema. Mrudishe ndani, mpe kahawa, mwekee mikononi kile unachokipenda zaidi.

Mungu akufikishe salama kila uendako, akupe breki zinazoshika na rafiki anayekuja ukimpigia simu, na akujaalie moyo wa kumfungulia mlango mzima. Amin.