Wimbo Usiokatika

Nilimwahidi binti yangu kitu kimoja tu katika arusi yake: kwamba atakapotolewa chumbani, wimbo hautakatika. Mambo mengine yote, pilau, maturubai, sare za kina mama, waliyachukua wanawake, na sikuombwa hata ushauri. Wimbo ulikuwa wangu. Mimi, muuza spea za baiskeli wa Kanyenye ambaye mikono yangu hunuka grisi hata siku ya Idi, nilijiona ndiye mtu pekee Tabora nzima anayeelewa maana ya sauti safi.

Niseme kwanza jambo hili linavyokwenda kwetu, maana si kila nyumba ya Tabora inafanya hivi. Kabla ndoa haijafungwa, bwana harusi na wenzake wakiwa wanasubiri msikitini, bi harusi hutolewa chumba cha ndani akiwa amefunikwa kanga, akatembea hatua kwa hatua hadi sebuleni walikojaa wanawake. Hutembea kwa wimbo mmoja mrefu wa taarab ambao mjomba wangu aliunasa zamani kwa kuweka redio mbele ya bendi. Kwenye kaseti yake, wimbo huanza karibu na mwisho wa upande wa kwanza na kumalizikia upande wa pili. Upande wa kwanza ukiisha, bi harusi anakuwa amefika mlangoni mwa sebule. Anasimama. Kaseti inageuzwa, na upande wa pili ukianza anamalizia safari yake hadi kitini. Akishakaa, shangazi yangu hutuma mtu msikitini kumwambia shehe aendelee.

Mgeuzaji nilikuwa mimi. Dada zangu wote wametembea kwa mkono wangu. Wanaume tulikaa uani na redio, dirisha la sebule limefunikwa pazia, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza, kutoa, kugeuza, kurudisha, kubonyeza. Kifuniko cha redio kilikuwa kimelegea, kwa hiyo nilikikandamiza kwa kijiko. Nilifanya mazoezi nyumbani kama askari anayejifunza kufungua bunduki. Lakini kila nilipokaribia kuvunja rekodi yangu, shangazi alinipigia kelele kutoka dirishani: "Taratibu wewe! Utaikata tepe!" Nikapunguza mwendo huku moyo unaniuma. Ukimya ule niliuona ni aibu yangu mimi. Bi harusi kasimama mlangoni, wageni wanangoja, na mimi nahangaika na kijiko.

Siku ya arusi yangu mwenyewe nilikuwa msikitini, kwa hiyo aliyekwenda na kaseti nyumbani kwa bi harusi alikuwa binamu yangu. Tulingoja mpaka shehe akatazama saa yake, akaitazama tena, kisha akanitazama mimi. Wazee walikohoa. Nilijua kilichotokea: yule mzembe kashindwa kugeuza kaseti. Sikumsamehe. Kila Idi nikimpa mkono namuuliza, "Vipi, siku hizi umejua kugeuza?" Anacheka tu, na mimi nilikihesabu kicheko kile kuwa ni kukiri kosa.

Kaseti yenyewe ilishaharibika kwa joto la kabati. Kwa hiyo nilipogundua kwamba wimbo uleule, wa bendi ileile, umo katika programu ya muziki kwenye simu, nilikaribia kulia dukani mbele ya wateja. Kuna mtu aliutoa kwenye santuri. Lakini santuri nayo ina pande mbili, na huko mtandaoni wimbo umekatwa: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Kati yake, kimya. Sekunde mbili. Nilizipima kwa saa ya ukutani.

Mtu mwingine angesema sekunde mbili si kitu. Mji wetu umekaa juu ya njia ya misafara. Babu zetu walitembea miezi mizima hadi pwani na mizigo kichwani, wakapumzika kila kambi, wala hatujasikia kwamba kuna aliyelalamikia vituo. Mimi mjukuu wao nilikosa hamu ya kula kwa sekunde mbili.

Nikajifunza maneno ya mafundi wa sauti. Nilianza kuwaeleza habari za sauti isiyobanwa watu waliokuja kununua mnyororo. Nikahama kutoka programu moja hadi nyingine. Ya kwanza iliunganisha vipande vizuri, lakini mwimbaji alisikika kama anaimbia ndani ya ndoo. Ya pili ilikuwa na sauti tamu, hata pumzi ya mpiga fidla niliisikia, ila pengo lilikuwa palepale. Ya tatu iliahidi yote mawili, na katikati ya nyuzi za ganuni, pale mahali penyewe pa kufumba macho, akaingia mwanamke kunitangazia nepi. Bando lilikuwa linaisha kabla ya wimbo. Mtandao ulishika vizuri karibu na tenki la maji tu, kwa hiyo majirani walizoea kuniona juu ya ngazi nimevaa hedifoni, nikitikisa kichwa.

Mteja wangu mmoja kutoka Sikonge, mrina asali anayekuja kila mwezi kununua tairi, nilimvalisha zile hedifoni ili aniambie ukweli. Alisikiliza kwa makini, macho kayakaza juu.

"Humu mna nyuki," akasema.

Alikuwa anasikia mkwaruzo wa santuri. Nilimvua hedifoni, nikamuuzia tairi, na nikashughulika siku tatu nyingine kutafuta namna ya kuwafukuza wale nyuki.

Hatimaye nikafanikiwa. Nikalipia ile huduma ya juu kabisa, nikapakua vipande vyote viwili, nikabonyeza kitufe kinachoondoa pengo, na wimbo ukapita pale kwenye maungio kama maji. Nilisikiliza maungio yale mara arobaini. Binti yangu, ambaye ni mwalimu huko Nzega, alipofika nyumbani kwa ajili ya arusi nilimkalisha asikilize.

"Umesikia?"

"Nini, baba?"

"Ndiyo maana yake! Hakuna kitu! Hakuna kukatika."

Akazivua hedifoni. "Baba, usijisumbue. Acha tu ukatike, kama zamani."

Nikadhani ni adabu, hataki kunipa kazi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wasiwasi alikuwa nao, ila si wa wimbo. Wakwe watarajiwa walikuwa wametoka Dar es Salaam mwezi uliotangulia, wakala, wakasifu mchele wetu, kisha shangazi wa bwana harusi akasema kwa kupitia tu kwamba mwanetu akishaolewa ataacha kazi, atapumzika, kwani mwalimu wa shamba ana nini cha kupoteza. Binti yangu alikuwa akimimina chai. Alinitazama. Mimi nikasema, "Hayo mtaelewana wenyewe." Ni maneno ya mtu anayetaka kurudi kwenye hedifoni zake, na nayaonea haya mpaka leo.

Siku ikafika. Baada ya adhuhuri, wanaume wa nyumbani tumekaa uani, spika nimeiazima kubwa ya kutosha mkutano, nimeiunga kwa waya kwa sababu siamini vitu vya hewani. Nikabonyeza. Fidla zikaingia, na ndani nikasikia vigelegele vya kumtoa. Nilifumba macho. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukafika kwenye maungio, ukapita. Nilitamani mtu anipe mkono.

Ndani kukaanza minong'ono. Kisha sauti ya shangazi dirishani: "Geuza!"

"Hakuna cha kugeuza, shangazi! Unakwenda moja kwa moja!"

"Zima!"

"Ndio umefika pazuri!"

Pazia likafunguka, kisha mlango, na shangazi akatoka uani peku, kanga begani, umri wake wote na hasira yake yote, mbele ya wanaume.

"Wewe mtoto wa kaka yangu, nimesema zima. Mwali amesimama mlangoni hajaulizwa."

"Hajaulizwa nini?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyetumwa kununua chumvi akarudi na sabuni. "Ulikuwa unafikiri pale mlangoni huwa anasimama kufanya nini? Kwa shehe, mwali akinyamaza huhesabiwa amekubali. Sisi tunataka sauti yake. Na sauti haisikiki juu ya fidla. Miaka yote nakwambia taratibu, taratibu, na wewe unashindana na kaseti."

Nikazima. Shangazi akarudi ndani.

Zamani katika ukimya ule nilikuwa na kijiko mkononi na masikio yangu yote yalikuwa kwenye redio. Safari hii sikuwa na kazi. Pazia lilikuwa limebaki wazi kidogo, na nikasikia kila kitu, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mbele yako kuna watu, nyuma yako kuna kwenu. Umeridhia?"

"Nimeridhia, bibi." Sauti ya binti yangu ilitetemeka, kisha ikasimama. "Lakini kazi yangu siachi. Kama kuna waliokuja wakijua naacha, basi nirudishwe chumbani sasa hivi, na mtu asitumwe msikitini."

Hakuna aliyekohoa. Nilihesabu, kwa mazoea, na zilizidi sekunde mbili kwa mbali. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na aibu, kwa sababu maneno yale nilipaswa kuyasema mimi, siku ile ya chai.

Kisha ile sauti ya Dar es Salaam, ya shangazi wa bwana harusi, ikasema polepole: "Haya. Tumesikia. Kazi yake asiache." Vigelegele vikapasua paa.

"Weka sasa!" shangazi akaniita. Nikabonyeza, na binti yangu akamalizia hatua zake hadi kitini.

Jioni, wageni wakiwa wanaondoka, nilikwenda kumwomba shangazi radhi. Nikamuuliza desturi hiyo imetoka wapi. Nilitegemea aniambie imekuja na misafara, kama tunavyosema hapa kwa kila kitu, hata sambusa.

"Imetoka kwenye redio," akasema. "Siku yangu mimi kaseti iliisha nikiwa mlangoni, na wanaume hawakuwa wanajua kama inageuzwa. Tukakaa kimya tunatazamana. Bibi yangu akaona aniulize tu, kujaza muda. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Tukasema wengine wote wataulizwa."

Nikarudi kwa mke wangu, aliyekuwa anapanga sufuria za kukodi. Nilimsaidia mbili tatu kabla sijathubutu.

"Na wewe, siku yako, ulijibu nini?"

"Nilijibu bado."

"Bado?"

"Sikuwa nimemaliza kufikiri. Wakaurudisha wimbo mwanzo, nikarudi chumbani, nikatoka upya. Mara ya pili nikasema nimeridhia." Akanipa sufuria nyingine. "Ulikuwa hujui?"

Nikatoka uani, nikampigia simu binamu yangu, yule mzembe. Nilimwomba msamaha kwa kila Idi niliyomtukana. Nikamwambia sasa najua kwamba kaseti haikuwa na kosa, kwamba mke wangu alimfanya aichezeshe mara mbili.

Akacheka kile kicheko chake.

"Kakwambia mbili?" akasema. "Mimi niliichezesha mara nne."