Nyota za Kelvin na Upepo wa Kilosa

Mwanangu, kuna jioni moja haijanitoka kichwani, nilipokaa barazani kwangu hapa Mikumi nikishona suruali ya mwanamume ambaye si mume wangu wala si mtoto wangu. Suruali ilikuwa ya mgeni, kijana wa Dar es Salaam anayeitwa Kelvin, aliyekodi chumba cha mwisho kule karibu na tangi la maji. Ilikuwa imechanika nyuma, kutoka kiunoni hadi karibu na goti, na kwenye kitambaa kulikuwa kumebaki ncha za miiba ya mkonge. Nikajiuliza, mtu wa mjini alikuwa anatafuta nini kwenye mkonge?

Mimi ni mtu wa kuuliza. Shule niliiachia darasa la tatu, na sioni aibu kulisema, maana nyumba hii ya wageni nimeijenga kwa kukaanga mihogo stendi ya Dumila, na hakuna msomi aliyenishikia mwiko. Ila ukikosa shule inabidi uulize sana, nami nimeuliza maisha yangu yote mpaka watu wengine wamenichoka. Basi nikamuuliza Kelvin anafanya kazi gani inayochana suruali namna ile.

Akanieleza, nikamwomba arudie, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ananitania. Kumbe kuna watu wanapanda ndege, wakifika juu mlango unafunguliwa, wanaruka. Wanafungwa kifuani mwa mkufunzi, wanadondoka kama jiwe, halafu mwavuli mkubwa unafunguka na kuwashusha taratibu. Na wanalipia. Hakuna anayewasukuma. Kelvin kazi yake ni kuzunguka kwenye vituo vya kuruka hivyo, anaruka, kisha anaandika kwenye ukurasa wake mtandaoni kituo kipi kizuri na kipi kibaya. Anavipa nyota, kuanzia moja hadi tano, na vijana wengi wanamsoma kabla hawajachagua pa kwenda.

"Sasa ukiwa huko juu unasikiaje?" nikamuuliza.

"Tumbo linabaki kwenye ndege, Bibi. Linakufuata baadaye."

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Nikamuuliza kama masikio yanaziba, kama machozi yanatoka, kama mtu anaweza kupiga kelele na mwenzake akamsikia. Alinijibu yote. Ni kijana mwenye adabu, nisimwonee.

Sasa huku kwetu vituo vilikuwa viwili. Kimoja kipo hapa Mikumi, cha Sospeter, mtu mzima, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Kazi anaijua lakini mdomo wake mkali kama wa mtu anayefukuza ng'ombe shambani. Kingine kipo upande wa Kilosa, kando ya shamba la mkonge, cha kijana mchangamfu anayeitwa Denis, mwenye muziki na mtu wa kupiga video. Kelvin alianza kwa Sospeter. Alifika asubuhi, akaambiwa asubiri, kuna upepo. Akasubiri juani mpaka jioni, kiti hakuna, maelezo hakuna. Alipouliza, Sospeter akamjibu, "Huo upepo huuoni? Huna macho?" Kesho yake Kelvin akanuna, akaenda Kilosa. Upepo ulikuwa uleule, lakini Denis akampandisha. Akaruka, akarudi kwangu suruali imechanika na uso unang'aa.

Nikiwa bado na sindano mkononi, simu ikaita. Ni mjukuu wangu Tumaini, anayesomea uuguzi Morogoro.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, eti Kelvin, yule wa mtandaoni, amefikia kwako?"

"Yupo. Nashona suruali yake."

"Suruali yake?"

"Imechanika. Wewe unamtakia nini?"

"Jumamosi mimi na wenzangu tunakuja huko kuruka. Tunasubiri aandike, tujue twende Mikumi au Kilosa."

Mwanangu, mkono wangu ulisimama. Tumaini nimemlea mimi mwenyewe, tangu hajui kufunga viatu. Mpaka dakika ile habari za kuruka zilikuwa utamu wa kusikiliza jioni. Sasa nikawa namwona mjukuu wangu kwenye mlango wa ndege, anadondoka kwa kufuata maneno ya kijana aliyekaa mbele yangu na bukta, akisubiri suruali.

Nikamwambia Kelvin, "Nisomee ulichoandika."

Hakuwa amekituma bado. Mikumi alikuwa ameipa nyota moja. Hawajui kazi, aliandika, wamejaa visingizio, msipoteze muda wenu. Kilosa nyota tano. Watu wa kazi, muziki safi, raha mwanzo mwisho.

"Ulipotua Kilosa, ulitua wapi?"

"Kwenye mkonge." Akacheka.

"Ndipo walipopanga utue?"

"Hapana, walipanga uwanjani, kwenye nyasi. Upepo ukatusukuma."

"Na hilo umeliandika?"

Kicheko kikapungua. "Bibi, hiyo ni sehemu ya raha."

"Na kwa Sospeter, uliruka?"

"Sikuruka. Alikataa."

"Sasa umejuaje kwamba hajui kazi?"

Akaniangalia, akaweka simu mezani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na ninampa heshima kwa kulisema. "Bibi, nimeona asubuhi vijana wa Sospeter wanachukua mahotipoti hapa kwako. Chakula chao wananunua kwako. Kwa hiyo unataka nimpe nyota mteja wako."

Ni kweli, wananunua kwangu, tena wali na maharage wanaumaliza wote. Nikamjibu, "Ndiyo maana hujanisikia nikikuambia umpe nyota ngapi. Habari za Sospeter usizichukue kwangu hata kidogo. Mimi nakuuliza habari za mwili wako mwenyewe, ulikopita na ulikotua."

Nikamweleza kitu cha ujana wangu, nawe nakueleza, maana sidhani kama kwenu kipo.

Mimi nimezaliwa milimani, Vidunda. Usichana wangu tulikuwa tunashusha ndizi kichwani kwenda kuuza bondeni, na kwetu kulikuwa na desturi moja. Ukiwa unashuka ukakutana na anayepanda, unatua mzigo. Huwezi kupita na salamu tu. Unampa habari za njia: wapi pamemomonyoka, gogo la kuvukia mto limeoza au bado, nyuki wako upande gani. Mwenzako anaweka mguu wake kwenye maneno yako, maana ana mtoto mgongoni na hana cha kuamini zaidi ya wewe.

Siku moja niliteleza njia ya chini, ndizi zikatapakaa mpaka mtoni. Niliinuka na hasira, na kila niliyekutana naye nikamwambia njia ya chini imekufa, pandeni ya juu. Wakanisikiliza. Njia ya juu ni ndefu na ina mawe yanayoporomoka, lakini wakaifuata kwa ajili yangu, wengine na watoto wao. Jioni Mama Yustina, bibi mmoja wa kanisani kwetu ambaye hata mchungaji alimwogopa, akanifuata nyumbani. Hakunipiga. Aliniuliza maswali. Uliteleza wapi hasa? Ulibeba mikungu mingapi? Mvua ilikuwa imekatika au bado inanyesha? Waliokutangulia waliteleza? Kila nikijibu najisikia mdogo zaidi, kwa sababu nilikuwa nimebeba mzigo wa punda, katikati ya mvua, na wote walionitangulia walipita salama. Akaniambia mbele ya mama yangu, "Wewe binti, umetupa habari za makalio yako. Sisi tuliuliza habari za njia."

Kelvin alicheka, lakini alicheka akiangalia chini.

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Mpigie Denis. Umuulize kuhusu ule upepo kabla hujamwandika. Hata anayesifiwa anaulizwa."

Akapiga, akaweka sauti ya nje nami nisikie. Denis akapokea kwa furaha, anauliza kama nyota tano zimeshatoka. Kelvin akamuuliza, "Kaka, jana ulipotupandisha, ulijua upepo umezidi?"

"Mbona ulicheka mwenyewe ulipotua?"

"Nilicheka. Lakini ulijua?"

Denis akashusha sauti, akasema, "Nilijua. Siku za namna ile huwa sipandishi mtu. Lakini ulikuja umenuna kutoka kwa Sospeter, unasema utamwandika. Nikaona nikikukatalia, na mimi utaniandika vilevile. Nina mwaka mmoja tu kwenye hii kazi, kaka. Nyota moja yako inanifungia kituo."

Hapo mwanangu, nilimwona Kelvin akibadilika rangi. Nami nilikuwa sijalifikiria hilo, na mimi najiona mtu wa kufikiria. Nilidhani tatizo ni maneno atakayoandika kesho. Kumbe maneno ambayo hajayaandika yalishapanda ndege jana, yakamsukuma mtu mwenye ujuzi wake afanye asichokiamini. Mkufunzi aliyefungwa pamoja na Kelvin naye ana watoto.

Nikashindwa kuvumilia, nikasogea kwenye simu. "Na Jumamosi akija mwingine aliyenuna, utampandisha?"

"Nani huyo?" Denis akauliza.

"Bibi wa binti mmoja anayetaka kuruka Jumamosi."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Sitampandisha, Bibi. Hata kama ni yeye huyo Kelvin."

Kelvin akafuta yote. Akaandika upya pale pale barazani, akinisomea kila sehemu, na mara mbili tukagombana. Alitaka kumpa Sospeter nyota tano kwa kukataa upepo, nikamwuliza tena, uliruka? Akaandika kwamba kwa Sospeter hakuruka, kwa hiyo hawezi kusema kuruka kwa huko kukoje. Kwamba alikataliwa kwa sababu ya upepo, na sababu ilikuwa ya kweli. Kwamba alikaa juani siku nzima bila kiti na akajibiwa vibaya. Kuhusu Kilosa akaandika kwamba wakufunzi walimfunga vizuri na kumweleza vizuri, kwamba alipandishwa kwenye upepo usiofaa, akatua kwenye mkonge, na kwamba Denis alikiri alipoulizwa. Kisha akaandika sentensi iliyomchukua muda mrefu kuliko zote: kwamba yeye mwenyewe alikwenda pale amenuna, na kununa kwake kulichangia. Nyota hakuweka. Akasema watu watamlalamikia, nikamwambia walalamike.

Kesho yake Sospeter akaja mwenyewe kuchukua mahotipoti.

"Mama, mgeni wako ameandika kwamba mimi nina majibu mabaya."

"Unayo."

"Lakini Mama, mimi niko sahihi kuhusu upepo."

"Na hilo ameandika. Umesoma la upepo ukaliruka?"

Akabeba mahotipoti yake akaondoka bila kuaga. Nikajua nimeweka biashara yangu rehani, lakini ukweli haukuwa wangu wa kuupunguza.

Tumaini alisoma, akafanya kitu kilichonifurahisha: akavipigia simu vituo vyote viwili kuuliza upepo ukija Jumamosi itakuwaje. Sospeter akamjibu, "Kama unaogopa baki nyumbani." Denis akamweleza kwa utaratibu, akamwambia wanaweza kusubiri siku nzima na hata kurudi bila kuruka. Binti akachagua Kilosa. Ndiyo, mwanangu, kilekile cha mkonge. Roho yangu haikupenda. Lakini alikuwa amepewa habari za njia, kamili, na mguu ni wake.

Nilikwenda naye. Asubuhi ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulikuwa umenyooka kama mkono unaoonyesha mtu. Denis akawaambia hakuna kupanda. Msichana mmoja kati ya wenzake Tumaini akasema watamwandika mtandaoni. Denis akautazama tena ule mfuko, akasema, "Niandike, dada. Andika na upepo." Wakakaa kivulini, wakala vitumbua vyangu. Mchana ukapita, mfuko ukalegea, ukaning'inia. Ndipo wakapanda.

Nilihesabu miavuli angani mpaka nikamjua mjukuu wangu kwa soksi zake nyekundu. Alitua kwenye nyasi, mbali na mkonge, amekaa kitako, mkufunzi nyuma yake. Nilimkimbilia. Mimi niliyekuwa na maswali yote ya dunia, sikuuliza hata moja. Nilimfuta vumbi usoni kwa khanga.

Basi mwanangu, wewe uliyeshika simu na nyota zake, nisikilize. Ukiombwa kusema mahali pakoje, sema ulikopita wewe, na uliyoyasikia useme umeyasikia. Sema hali ya hewa ilikuwaje, na wewe ulikuwaje, maana nusu ya ubaya tunaouona tunaubeba wenyewe tukienda. Usimwadhibu mtu kwa kukukatalia kabla hujajua alichokuwa anakulinda nacho. Raha nayo isikuzibe mdomo, aliyekuchekesha anaweza kuwa amekuhatarisha. Kama unapata riziki kwa unayemwandika, liseme hilo kwanza. Muulize kabla hujamwandika. Na jua kwamba wanaokuogopa watakupa unachotaka badala ya kinachokufaa, kwa hiyo usiwe mtu wa kuogopwa.

Mungu akupe macho ya kuona kilichopo na moyo wa kukisema vilevile. Akupe watu wasioogopa kukukatalia. Na kila anayetembea kwa kufuata maneno yako, Mungu amfikishe salama, akakanyage ardhi ngumu, na nyumbani wampokee. Amina.