Vigingi vya Uwanja wa Watoto

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi na mama yangu katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na uwanja wa watoto wa mtaa wetu, Kisumu. Uwanja huo ulikuwa na bembea mbili, moja ikining'inia kwa kamba ya mkonge baada ya mnyororo kukatika, na bati la kuteleza ambalo kufikia saa sita mchana lilichoma mapaja. Sehemu iliyobaki ilikuwa ardhi tupu, tambarare, yenye jua tangu asubuhi. Mama aliipenda ardhi hiyo kuliko nyumba yenyewe.

Mama aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Magunia yalimfikia kwa basi kutoka Usenge, kwao ufukweni mwa ziwa, na msimu wa mvua omena ilifika imekauka nusu tu. Isipoanikwa tena upesi huota ukungu, na hakuna mnunuzi atakayeigusa. Nyuma ya nyumba zetu ulipita mfereji wa maji machafu. Mbele kulikuwa na kibaraza cha kutosha watu wawili wasionenepa. Kwa hiyo yeye na wanawake wengine wanne walitandaza nyavu kuukuu uwanjani wakati watoto wako darasani, wakamwaga omena juu yake, wakaketi pembeni kufukuza kunguru na kusengenya.

Siku moja gari la kipaza sauti lilizunguka mtaani likitangaza kwamba uwanja utajengwa upya, na kila mkazi aje Jumamosi ukumbini atoe maoni. Ofisa wa ujenzi, kijana mwenye tai nyembamba, alibandika mchoro ukutani. Mwenyekiti alikuwa mzee fundi cherehani, Mwislamu aliyezaliwa papo hapo mjini, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuonekane tumevaa viatu vya kuazima. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano kwa sababu ya mwandiko wangu.

Watu waliomba mengi. Mmoja alitaka bomba la maji, mwingine magoli yenye nyavu, mwingine alitaka bembea za watu wazima, akazomewa. Kisha mama akasimama. Pale wanawake walipoanika omena, mchoro ulionyesha bustani ya maua na mabenchi matatu.

"Bwana Ofisa," alisema, "hii maua umechorea nani?"

"Watoto, Mama. Hii ni plani ya watoto."

"Saa tatu asubuhi watoto wako wapi?"

"Shuleni."

"Basi saa hiyo maua itacheza na nani? Sisi tunaomba tu hiyo saa. Omena yangu nitaanika wapi, kwa kichwa yako?"

Ukumbi ulicheka. Ofisa alirekebisha tai yake. "Mama, omena inanuka."

"Inanuka mpaka iingie kwa sufuria yako. Hapo inaanza kunukia."

"Mama amesema lake," mzee fundi aliingilia, akigonga meza kwa mkasi wake. "Mwalimu, liandike kama lilivyosemwa. La sufuria unaweza kuliacha."

Niliandika: mkazi mmoja anaomba nafasi ya kuanika omena ibaki. Sikuandika kwamba mkazi huyo ni mama yangu. Baada ya wiki kadhaa majibu yalibandikwa mlangoni mwa ukumbi: bomba limekubaliwa, bustani inabaki kama ilivyochorwa.

Wafanyakazi walikuja wakazoa mawe yote uwanjani, wakapigilia vigingi kumi na viwili vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani kuonyesha mipaka ya bustani. Kisha mvua ikanyesha mfululizo, nao wakatoweka.

Jua liliporudi mama alikuwa na magunia mawili yaliyoanza kutoa joto kwa ndani. Alitandaza nyavu mara moja. Lakini upepo wa ziwa ulizipeperusha, na mawe ya kuzigandamiza hayakuwepo tena. Huko kwao ufukweni wavu huwambwa kwa vigingi, na kigingi hakina makao: wavu ukihama nacho huhama. La muhimu ni jioni visipungue. Kwa hiyo wanawake waling'oa vile vyekundu, wakawamba nyavu zao, na jioni, wakishakusanya omena, mama alivipigilia tena kimoja kimoja, vimenyooka kama askari wa gwaride.

"Zote ziko," aliniambia nilipotoka shule. "Nimehesabu mara mbili."

Kweli vilikuwa kumi na viwili. Lakini mimi mchoro nilikuwa nimeutazama Jumamosi nzima, na niliona kwamba sasa vimejipanga kandokando ya ukuta wa uwanja, penye ukingo wa nyavu, hatua kumi hivi kutoka pale vilipokuwa. Nilikunywa chai yangu. Sikusema neno, wala siku iliyofuata sikusema.

Wafanyakazi waliporudi walimwaga saruji kwa kufuata vigingi. Siku tatu walizuia watu kuingia, na gunia jipya la omena likakaa sebuleni kwetu, likizidi kunuka kila tulipofungua mlango. Siku ya nne, wakati wa likizo ya shule, ofisa alikuja kukagua. Alisimama akitazama mchoro, kisha uwanja, kisha mchoro tena. Bustani ilikuwa utepe mwembamba chini ya ukuta.

"Nani amekwambia ujenge hapa?" alimuuliza nyapara.

"Bwana, mimi nafuata kigingi. Kigingi haidanganyi."

Mama alikuwa mlangoni na gunia lake. Nilimshika mkono, akautoa taratibu.

"Mimi ndio nilitoa," alisema akimkaribia ofisa. "Lakini nilirudisha. Hesabu, hakuna hata moja imepotea."

Ofisa alihesabu kweli, kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika kumi na mbili alinigeukia mimi. "Na wewe, Mwalimu? Hukuona?"

"Niliona," nilijibu. Mama alinitazama kwa mshangao, maana yeye hakujua kulikuwa na la kuona.

Mzee fundi, aliyekuwa amekuja na futi yake shingoni, alikohoa. "Bwana Ofisa, saruji imekwisha kukauka. Ukiibomoa itakubidi utuite tena mkutanoni, na huyu mama atasimama tena."

Ofisa aliutazama utepe wa maua, akaitazama ardhi tupu. Nilidhani atakasirika. Badala yake alianza kuukunja mchoro wake, taratibu, kutoka upande wa bustani.

"Hiyo gunia imekaa siku ngapi?" aliuliza.

"Nne. Ya chini naona imeharibika. Ya juu bado inapona."

Mama hakungoja ruhusa. Alitupa wavu chini, akatafuta mawe kwa macho, hakuyaona, akamkabidhi ofisa pembe moja.

"Shika hapo, Bwana. Vuta. Vuta kidogo tena."

Ofisa aliubana mchoro kwapani, akavuta.